Mnara na pedi: Vita ya mashine za gemu imehamia kwenye bando

*PlayStation na Xbox zimegombea sebule za dunia kwa zaidi ya miaka 20. Afrika Mashariki, mshindi anaamuliwa na kasi ya mtandao, bei ya gigabaiti na umbali wa seva.*

Na Mwandishi Wetu

Katika kibanda cha gemu cha uswahilini, hakuna kinachowakera wateja kama ule mstari unaosogea polepole kwenye skrini. Diski imeshaingizwa. Vijana wawili wameshika pedi, wenzao wanne wako kwenye benchi wanasubiri zamu. Mashine inataka apdeti kwanza, ndipo mechi ianze.

Mwenye kibanda anawasha intaneti ya simu yake na kuiunganisha na mashine. Bando la gigabaiti moja linakata kabla mstari haujafika hata robo. Vijana wanarudishiwa hela yao, wanavuka barabara kwenda kwenye kibanda chenye PlayStation 2 ya zamani, isiyohitaji mtandao kabisa.

Tatizo hili linafahamika Dar es Salaam na Mwanza, Mombasa na Nairobi. Limeunganisha mabishano mawili ambayo vijiweni yalikuwa yakienda kila moja kivyake: mashine ipi ni bora, PlayStation au Xbox, na mtandao upi unashika vizuri.

Leo huwezi kulijibu la kwanza bila kulijibu la pili. Mashine ya bei mbaya inaweza kukaa bure kwa kukosa bando, na mnara mpya unaweza kusimama mwaka mzima bila kubadili maisha ya kijana anayeishi chini yake.

Ushindani ulivyoanza

Mwaka 1991, kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki mjini Chicago, Sony ilitangaza kwamba inashirikiana na Nintendo kutengeneza mashine ya kusoma CD. Siku iliyofuata Nintendo ikatangaza kuwa itafanya kazi na Philips. Mhandisi Ken Kutaragi, aliyekuwa akiusimamia mradi huo ndani ya Sony, aliwashawishi wakubwa wake waendelee peke yao. Desemba 1994 PlayStation ya kwanza ikaingia sokoni Japani.

PlayStation 2 ilifuata mwaka 2000 na kuuza zaidi ya mashine milioni 160, idadi kubwa kuliko ya mashine yoyote ya gemu ya kuunganisha na runinga. Microsoft iliingia ulingoni Novemba 2001 na Xbox, ambayo tangu siku ya kwanza ilikuwa na tundu la waya wa intaneti. Mwaka uliofuata ikazindua Xbox Live, huduma ya kulipia ya kucheza na watu walio mbali. Sega ilishatangulia kuweka modemu ndani ya Dreamcast mwaka 1998, lakini mauzo yalipogoma iliacha kutengeneza mashine mwaka 2001.

Kwetu, PlayStation 2 ilipata maisha marefu kwa sababu ya diski. Ziliingia mashine zilizotumika, mafundi wakazifungua ili zisome diski za kunakili, na kwa hela ndogo kijana akapata gemu ya mpira iliyokamilika. Wenye haki za gemu hizo hawakuambulia kitu, na hilo lisifichwe. Lakini hivyo ndivyo mamia ya vibanda yalivyoota mitaani, yakawapa vijana kazi na sehemu ya kukutana.

Siku tisa za Juni 2013

Tukio lililoonyesha mapema kwamba mtandao utaamua mambo lilitokea Marekani. Mei 2013 Microsoft iliitambulisha Xbox One. Baadaye ikaeleza kuwa mashine hiyo itatakiwa kuwasiliana na seva zake walau mara moja kila saa 24, la sivyo gemu zisichezeke. Kuuza au kuazima diski iliyotumika nako kuliwekewa masharti.

Don Mattrick, aliyeongoza kitengo cha Xbox wakati huo, alipoulizwa kuhusu watu wasio na mtandao wa uhakika alijibu kwamba kwao ipo Xbox 360, mashine ya kizazi kilichopita. Wachezaji walilipokea jibu hilo kama mlango kufungwa usoni.

Juni 10, mjini Los Angeles, Sony ilipanda jukwaani na PlayStation 4. Bei yake ilikuwa dola 399, pungufu kwa dola 100 ukilinganisha na Xbox One. Ilitangaza kuwa diski zitauzwa na kuazimwa kama zamani, na mashine haitadai mtandao ili kuruhusu gemu ya diski. Juni 19, siku tisa baadaye, Microsoft ikafuta masharti yake.

> *Mwaka 2013 wachezaji walikataa mashine inayodai mtandao kila siku. Miaka iliyofuata, dai lilelile limerudi kipande kwa kipande.*

PlayStation 4 iliuza zaidi ya mashine milioni 117. Microsoft iliacha kutangaza idadi ya mashine inazouza tangu mwaka 2015. Kwa hesabu za maduka, Sony ilishinda raundi ile.

Ushindi wa diski haukudumu. Novemba 2020 kampuni zote mbili zilileta matoleo yasiyo na sehemu ya diski: PlayStation 5 ya kidijitali, na Xbox Series S kwa dola 299. Septemba 2021 Konami ilibadilisha mfululizo wake wa gemu za mpira, uliokuwa mfalme wa vibanda vyetu kwa jina la PES, ukawa eFootball: bure, lakini wa kupakua. PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 ilikuja bila sehemu ya diski, ukiitaka unainunua kando. Juni 2025 Nintendo ilitoa Switch 2, ambayo baadhi ya kadi zake dukani hazina gemu ndani. Zina ufunguo tu wa kuruhusu upakuaji.

Hata uadui wenyewe umelegea. Mwaka 2024 Microsoft ilianza kupeleka gemu zake kadhaa kwenye PlayStation, na Oktoba 2025 ikatangaza kwamba Halo, gemu iliyoibeba Xbox tangu 2001, nayo inakwenda huko. Hela sasa inatafutwa kwenye duka la mtandaoni, malipo ya kila mwezi na gemu zinazochezwa moja kwa moja kutoka kwenye seva.

Hesabu ya bando

Hapo ndipo kampuni za simu zinapoingia. Gemu kubwa za siku hizi, Call of Duty ikiwemo, zinaweza kuzidi gigabaiti 100. Kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, usiotetereka hata kidogo, upakuaji wa gigabaiti 100 unachukua saa 22. Kwa megabiti 200, kasi ambayo 5G nzuri inaweza kuitoa, ni saa moja na dakika chache.

Kasi ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni bei. Anayenunua intaneti kwa bando la gigabaiti moja atahitaji mabando 100 kupata gemu moja, kabla ya apdeti ya mwezi unaofuata. Mtu wa namna hiyo akijengewa mnara wa 5G jirani, atakachofaidi ni kumaliza bando lake haraka zaidi.

Watanzania hawajasahau Aprili 2021, pale bei mpya za bando zilipoanza kutumika na malalamiko yakasambaa nchi nzima kiasi cha Serikali kuingilia na kusitisha mabadiliko hayo. Siku zile zilionyesha kwamba bando limekwisha kuwa hitaji la nyumbani, na bei yake ni suala la kisiasa.

GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, hutenganisha makundi mawili ya watu walio nje ya intaneti: wasiofikiwa na mawimbi, na wanaofikiwa lakini hawatumii. Kwa takwimu zake za mwaka 2023, Afrika Kusini mwa Sahara ilikuwa na asilimia 27 ya watu wanaotumia intaneti ya simu. Asilimia 13 hawakufikiwa na mawimbi. Asilimia 60 waliishi mahali penye mawimbi na bado hawakutumia. Gharama ya simu na ya data ni miongoni mwa sababu kubwa.

> *Asilimia 60 waliishi mahali penye mawimbi na bado hawakutumia intaneti.*

Kampuni na wakosoaji wao

Kampuni za simu zina hoja zao, na ni nzito. Mnara wa kijijini unahitaji barabara ya kuufikia, umeme au dizeli ya jenereta, ulinzi, na njia ya kuusafirisha mzigo wa data hadi mjini. Wateja wa pale ni wachache na wengi hununua vocha ndogo. Mapato ya mjini ndiyo yanayoubeba, na bila huduma mpya mjini, ikiwemo 5G, mapato hayo yanadumaa.

Ndiyo maana 5G ilianzia mijini. Vodacom Tanzania iliizindua Septemba 2022, na Safaricom ya Kenya ikaanza kuiuza Oktoba mwaka huohuo. Airtel ilifuata katika nchi zote mbili mwaka 2023.

Kwa vijijini, Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Unatoa ruzuku kwa kampuni ziende mahali ambapo biashara peke yake isingezipeleka. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Kabla ya hapo, mwaka 2015, Halotel iliingia sokoni ikiwa na mkakati wa kuanza na vijiji, na kuthibitisha kwamba mteja wa kijijini anaweza kuwa msingi wa biashara.

Wakosoaji wanajibu kwamba kuhesabu minara hakutoshi. Baadhi ya minara ya vijijini hubeba sauti na ujumbe, lakini data yake ni dhaifu. Wanauliza pia kwa nini mtaa mmoja wa Kariakoo uwe na mitambo ya kampuni karibu zote huku kata nzima ikigombania mtambo mmoja. Kwao, kampuni zikilazimika kutumia minara ya pamoja vijijini, hela inayobaki inaweza kushusha bei ya data.

Pande zote mbili zina ukweli. Mimi naegemea kwa wakosoaji katika jambo moja: kampuni inayopewa masafa, ambayo ni mali ya umma, ipimwe kwa kile mwananchi anachoweza kufanya na mtandao wake. Ramani yenye rangi kila mahali haijibu swali la kijana ambaye bando lake linakata kila siku.

Umbali una gharama yake

Bado kuna kikwazo ambacho mnara hauwezi kukiondoa. Anayecheza mpira na mtu wa mbali hasumbuliwi sana na ukubwa wa bomba la data. Kinachomsumbua ni muda kati ya kubonyeza pedi na seva kujibu, unaopimwa kwa milisekunde. Ukipita mia moja hivi, beki anageuka baada ya goli kuingia.

Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Dar es Salaam hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi hakupungui milisekunde 25. Hadi London ni kama kilomita 7,500: milisekunde 75 kwa uchache, na nyaya zinazozunguka kupitia Bahari ya Shamu huongeza zaidi. Hakuna mhandisi wa kuzishinda namba hizo. Dawa ni kuisogeza seva karibu.

Microsoft ilifungua vituo vya data Johannesburg na Cape Town mwaka 2019. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa kuwekeza dola bilioni moja Kenya, ukihusisha kituo cha data kitakachotumia umeme wa jotoardhi wa Olkaria. Kituo cha aina hiyo kikisimama na kubeba seva za gemu, mchezaji wa Mombasa na wa Arusha wataona tofauti ambayo hakuna mashine mpya inayoweza kuwapa.

Mei hiyohiyo ya 2024 tulikumbushwa jinsi tunavyotegemea nyaya chache. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, intaneti ikayumba kuanzia Tanzania hadi Uganda. Benki, ofisi na vibanda vya gemu vilisimama pamoja.

Duka lisilotutambua

Tuseme mtandao upo, bando lipo na umbali umepungua. Mchezaji wa Afrika Mashariki bado anakutana na mlango mwingine. Katika orodha ya nchi ambako PlayStation Network, huduma na duka la mtandaoni la Sony, imefunguliwa rasmi, Afrika Kusini mwa Sahara imo nchi moja tu: Afrika Kusini.

Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi aliyenunua mashine iliyoletwa na wafanyabiashara kutoka Dubai hufungua akaunti kwa anwani ya nchi nyingine, kisha hutafuta kadi za malipo za nchi hiyo. Akaunti yenye shida inamwacha bila pa kulalamika, kwa kuwa kwenye vitabu vya kampuni yeye haishi anapoishi.

Mei 2024 dunia iliona athari yake. Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation Network. Gemu hiyo ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, zikiwemo za kwetu. Wachezaji walipaza sauti na ndani ya siku chache sharti likafutwa. Kilichobaki ni swali: kama diski inaondoka na duka halijafunguliwa, mtu wa huku anunue wapi kwa njia halali?

> *Kama diski inaondoka na duka halijafunguliwa, mtu wa huku anunue wapi kwa njia halali?*

Swali hilo lina uzito kwa kampuni zenyewe, ambazo kwa miaka zimelalamikia gemu za kunakili. Uzoefu wa kulipa kwa simu tunao: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Mtu anayelipia umeme, ada na nauli kwa simu anaweza kulipia gemu pia. Januari 2024 mfuko wa uwekezaji wa Sony uliweka hela katika Carry1st, kampuni yenye makao Cape Town inayochapisha gemu na kurahisisha malipo Afrika. Ni dalili njema, ila kuwekeza katika kampuni ya jirani si sawa na kufungua duka.

Wanaoiona ni anasa

Wapo wazazi, walimu na viongozi wanaouliza kwa nini jamii ipoteze muda na gemu wakati kuna zahanati zisizo na mtandao. Hofu ya mtoto anayekimbia darasa kwenda kibandani ni ya kweli, na mwenye kibanda anayewapokea wanafunzi saa za masomo anastahili kuchukuliwa hatua.

Lakini mtandao wa zahanati na wa gemu ni uleule. Daktari anayetuma picha ya X-ray kutoka wilayani, mwanafunzi anayefuata somo kwa video na fundi anayejifunza kazi mtandaoni wanahitaji kasi, bei na uthabiti uleule. Gemu inaanika udhaifu wa mtandao mapema kwa sababu haivumilii kukatika.

Kuna pia ajira. Leti Arts, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Eyram Tawia wa Ghana na Wesley Kirinya wa Kenya, imetengeneza gemu na katuni zenye mashujaa wa Kiafrika. Kijana anayetaka kufuata njia hiyo hupakua programu nzito za kutengenezea gemu, hupakia kazi yake na kuijaribu na watu wa mbali. Bando la gigabaiti moja linamzuia kutengeneza kama linavyomzuia mwenzake kucheza.

Kinachopaswa kufanyika

Kwanza, wasimamizi wa mawasiliano wachapishe kasi halisi na bei ya data kata kwa kata, kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa. Mnara uliojengwa kwa ruzuku ya umma utolewe taarifa ya data inayopita juu yake, mwaka hadi mwaka.

Pili, kampuni za simu zitengeneze vifurushi vya upakuaji wa usiku vyenye ujazo mkubwa na bei inayolipika. Mitambo inayolemewa jioni huwa na nafasi alfajiri. Kibanda kinachopakua saa nane usiku hakimpunguzii mtu kasi.

Tatu, nakala za gemu na apdeti zihifadhiwe kwenye vituo vya ndani vya kubadilishana data. Kenya ilianzisha KIXP mwaka 2000, na Tanzania ina TIX. Apdeti ikishashuka mara moja hadi Nairobi au Dar es Salaam, wanaofuata waichukue hapo badala ya kila mmoja kuivuta kutoka Ulaya.

Nne, Sony, Microsoft na Nintendo zifungue maduka yao rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na zikubali malipo ya simu. Mpaka siku hiyo, diski inayouzwa huku iwe na gemu kamili ndani yake.

Serikali za ukanda huu zikidai mambo haya kwa pamoja zitasikika zaidi kuliko nchi moja moja. Na fursa ya kudai haiko mbali: kila leseni ya masafa inapohuishwa, kampuni za simu hukaa mezani na wasimamizi na kuahidi. Ahadi za minara ziandikwe sambamba na ahadi za bei, na zote mbili ziwe na tarehe ya kukaguliwa hadharani.